Tukienda Pemba kupumzika, mke wangu hurudi hoi

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni mzaliwa wa Konde, Pemba, lakini maisha yangu yako Unguja, Kiembesamaki, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 8 na mwengine 5. Mimi ni fundi umeme wa kujitegemea, mke wangu ni mwalimu wa skuli ya msingi. Kila likizo ya Disemba tunapanda boti kwenda kwetu. Nyumba ya mama ina ua mkubwa, wajomba wako jirani, na watoto wakifika hawataki tena habari ya kurudi mjini. Na mimi raha yangu ndiyo hiyo: nakaa barazani na wenzangu niliokua nao, kahawa inapita, jioni naletewa chai na mkate wa kumimina.

Mwaka jana tuliporudi, mke wangu alilala tangu Mkoani mpaka Malindi. Nilipomwamsha akaniambia, "Mwakani na mimi nataka likizo." Nikamwuliza, kwani tumetoka wapi? Akasema, "Wewe umetoka likizo. Mimi nimetoka shughulini."

Nilipofikiri nikaona ana haki. Tukiwa kule, kila siku watu wanakuja kutuamkia, na anayekuja lazima ale. Mke wangu ni mgeni siku ile ya kushuka tu, kesho yake alfajiri yuko kwenye mbuzi anakuna nazi.

Basi mwaka huu alikuja na wazo. Mwalimu mwenzake ana hema la watu wanne, yuko tayari kutuazima. Anataka twende Vumawimbi tukae siku tatu, bahari mbele, msitu wa Ngezi nyuma, bila ya kuja mtu. Mimi nimelipenda. Yeye tayari ameshaandika orodha: sufuria, jiko la mkaa, unga, viungo, na chakula atakachopika kila siku.

Nikamtumia mama ujumbe wa sauti kumjuilisha. Hakujibu kwa ujumbe, alipiga simu. "Mtu mwenye kwao halali porini. Unataka watu wa Konde waseme nimekufukuza?" Akaongeza kwamba Ngezi kuna wenyewe, yaani mizimu, na usiku hapakaliki. Mwisho akasema, ikiwa ni lazima basi na yeye atakuja alale humo humo hemani. Dada yangu naye anasema mke wangu kajitia mambo ya mjini, anaiga wazungu.

Mke wangu aliposikia alisema hana neno, tuache tu. Lakini tangu siku hiyo kapoa, na kupoa kwake nakujua. Shangazi, nimfuate nani? Kule kunalalika kweli na watoto? Na mama akija kweli, nifanye nini?

Mwana wa Konde, Kiembesamaki

—

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Barua yako niliisoma vizuri mpaka nilipofika kwenye orodha. Mkeo amechoka na jiko, anatafuta pa kulikimbia, halafu sufuria anaorodhesha yeye, mkaa yeye, viungo yeye, na chakula cha kila siku atapika yeye. Na wewe umeliandika hilo kama sifa ya mke aliyejipanga! Hapo hamwendi kupumzika, mnalihamisha jiko tu kutoka uani kwa mama kulipeleka mchangani. Na jiko la mchangani ni bora ulikute kwa mwenzako: upepo unarusha majivu, mchanga unaingia kwenye wali, kuosha sufuria mpaka maji ya dumu, na hakuna hata wifi wa kupokezana naye mwiko.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwa mama, tumalizane na hili. Siku hizo tatu mpishi ni wewe. Ichukue ile orodha uichane, uandike yako. Wala hutakiwi kupika biriani. Mkate na tende za asubuhi mtanunua Konde. Samaki watafute kwa wavuvi wanaposhusha, uwapare mwenyewe, uwapake chumvi, ndimu na pilipili, uwaweke juu ya mkaa. Muhogo wa kuchoma watoto hawaukatai. Siku moja pika wali, ukiungua mtaula hivyo hivyo. Mkeo akinyanyuka kukusaidia kwa mazoea, mrudishe mkekani. Ukiona huwezi, niambie mapema nikushauri umlipie mkeo chumba cha hoteli siku tatu, maana raha anayoitafuta haimo ndani ya hema. Ni kule kukaa akaletewa, kama unavyoletewa wewe barazani.

Sasa mamako. Usimwone mkorofi. Konde ni mahali watu wanajuana. Mtoto aliyetoka Unguja na mke na wajukuu, akapita mbele ya nyumba ya mamake na hema mgongoni kwenda kulala ufukweni, hadithi hiyo itafika msikitini na kisimani kabla hamjakita kigingi. Na hakuna atakayesema mmekwenda kupumzika, watasema kuna ugomvi. Mamako anaogopa kuulizwa jambo asilokuwa na jibu lake. Na wewe habari hiyo ukaona inatosha kwa ujumbe wa sauti! Mambo mengine mtu huyapandia boti.

Dawa yake ni utaratibu. Mkishuka, fikieni nyumbani. Laleni kwa mama usiku mmoja au miwili, wajomba wakuoneni, watoto wapakatwe, mkono upewe kila anayestahiki. Kisha semeni mnatoka kutembea na mtarudi. Mabegi makubwa yabaki chumbani kwake. Tena nenda kamwombe vitu: jamvi lake, sufuria moja, taa, dumu la maji. Hata kama vyote unavyo, mwombe. Mtu ambaye jamvi lake liko Vumawimbi hawezi kuambiwa amefukuza watoto. Akiulizwa na jirani atasema, "Wamekwenda kutembea, wamechukua jamvi langu," na maneno yatakwisha. Usiku wa mwisho kabla ya boti, rudini mlale kwake.

Na uliseme wewe, kwa jina lako. "Mama, mimi nataka niwapeleke watoto pwani." Si "mke wangu amechoka," wala "mke wangu ana wazo." Ukishamtia mkeo kwenye sentensi, kesi imekuwa ya mkwe na mavyaa wake, na wewe umejitoa pembeni kama shahidi. Dada yako huko ndiko alikokwishafika. Huyo usimjibu kwa simu. Siku mkiwa uani, mwambie akae, halafu nazi kakune wewe, kisha umwulize kama kuna raha.

Hili la kuiga wazungu nalo linanichekesha kusikia likisemwa Pemba. Wavuvi wetu wanakwenda dago tangu zama na zama. Watu wa Kojani wanaacha nyumba na wake, wanafuata samaki mpaka pwani ya Bara na Kenya, wanapiga kambi mchangani, wanalala chini ya tanga au kibanda cha makuti, siku nenda rudi. Kisiwa cha Misali pale magharibi ya Chake Chake wavuvi wamekifanya dago miaka mingi. Mzungu alicholeta ni zipu ya hema. Tofauti iliyopo ni kwamba dago lilikuwa la wanaume na la kazi, na sasa mwanamke naye anataka alale pwani bila ya kazi yoyote. Nadhani hicho ndicho kinachowasumbua, ila ni rahisi zaidi kusema wazungu.

Kabla hujapanga tarehe, uliza kule nyumbani kama karafuu zimekwisha. Uchumaji huanza kati ya mwaka, na mavuno yakiwa mazuri huweza kuburura mpaka Disemba. Ukifika watu wako juu ya mikarafuu na majamvi yameanikwa kando ya barabara, halafu wewe unasema unakwenda kupunga upepo, hapo hata mimi siwezi kukutetea. Nenda kachume nao kwanza.

Kuhusu kulalika: kunalalika, kwa masharti. Vumawimbi hufiki ila kwa kuupita msitu wa Ngezi, na Ngezi ni hifadhi tangu mwaka 1959, hekta 1,400 na ushei, sehemu iliyobaki ya msitu mkubwa ulioenea Pemba kabla ya mikarafuu. Ofisi ya msitu iko njiani, getini. Ruhusa ya kulala iombe hapo siku kadhaa kabla, usifike nayo jioni watoto wanasinzia. Kisha mpigie hodi sheha wa huko Makangale. Sikwambii haya kwa adabu tu. Mume na mke ndani ya hema usiku, nani atajua ni mume na mke? Vijana wa ulinzi shirikishi wakiona tochi ufukweni watakuja, na ni haki yao. Sheha akiwa na habari yenu, watakuja kukusalimuni. Hati ya ndoa tia kwenye mfuko usioingia maji pamoja na vitambulisho. Najua inaudhi kubeba hati ya ndoa na huku una watoto wawili pembeni, lakini kukurupushwa usiku wa manane kunaudhi zaidi. Ofisi ikikwambia kulala haiwezekani, usibishane. Kaeni pwani mchana kutwa na hema mlikite kwenye shamba la jamaa jirani na bahari.

Maji ndiyo yatakayoamua usingizi wenu. Wewe umekulia Konde lakini siku hizi unaijua bahari kwa kuiona dirishani, kwa hiyo nakukumbusha. Bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji yetu hujaa karibu na saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri. Hiyo ya alfajiri ndiyo mbaya, kwa sababu watu wamelala. Tofauti kati ya kupwa na kujaa siku hizo hupita mita 3, na ufuko uliouona jana mchana mpana kama uwanja wa mpira hubaki ukanda wa kupita mtu mmoja. Ukifika, kabla ya kushusha mzigo, tembea utafute ule mstari wa majani ya bahari yaliyokauka, yenye vipande vya makumbi na sifongo zilizopauka ndani yake. Inama uyashike. Yakiwa bado laini na yananuka, maji yalifika hapo jana au juzi. Juu yake zaidi utauona mstari mwengine, majani yamekuwa meusi, yanavunjika mkononi, na siafu wamefanya njia. Hapo ndipo bamvua iliyopita ilipoishia. Hema likae juu ya huo wa pili, tena hatua nyingi, na lisiwe chini ya mnazi. Nazi haichagui kichwa.

Lakini ukinisikiliza, usiende bamvua kabisa. Nenda maji mafu. Angalia kalenda ya Kiislamu nyumbani kwako, chagua siku za kuanzia tarehe 8 ya mwezi. Maji hayapandi sana, yanajaa karibu na saa nne au saa tano ya asubuhi, kwa hiyo watoto wataogelea wameshashiba, hawatalazimika kutembea juu ya mawe yenye miiba kuyafuata maji yaliko. Na mwezi wa tarehe 8 upo juu tangu magharibi mpaka karibu na usiku wa manane. Mtu mwenye mtoto wa miaka 5 anayetaka kwenda haja gizani ataujua umuhimu wake.

Disemba upepo wa kaskazi umeshaanza, na Vumawimbi upande ule unaupokea usoni. Si hatari, ila hema likiwekwa mdomo baharini litavuma usiku kucha kama tanga. Mlango utazameshe ubavuni, na kamba zifunge kwenye vigingi virefu vya mti, maana vile vya chuma vinavyokuja na hema vimetengenezwa kwa ajili ya udongo, mchangani vinang'oka. Mvua za vuli nazo huwa hazijaaga vizuri, kwa hiyo chukua turubai. Siku upepo ukizidi, vukeni upande wa Verani, ambako bahari inatazama magharibi na rasi yenyewe inakukingeni. Watoto wapeleke kuuona mnara wa taa wa Ras Kigomasha, uliojengwa mwaka 1900.

Kuni usikate. Ule ni msitu wa hifadhi, hata tawi bichi moja ni kesi. Mkaa nunua Konde, na moto uwashe mchangani, mbali na vichaka. Mtungi wa gesi uache Kiembesamaki, boti ya abiria si mahali pake. Maji ya kunywa chukua zaidi ya unavyodhani, kwa sababu kuna ya kutawadhia na ya kujisuuza chumvi pia. Shimo la choo lichimbeni mbali na njia ya maji na mlifukie. Kibla hakikusumbui: kutoka Pemba, Makka iko kaskazini moja kwa moja. Chandarua nacho msiseme hema lina wavu, kwa sababu watoto hawafungi zipu.

Sasa wenyewe wa Ngezi. Mamako usimcheke, na usijifanye msomi mbele yake. Watu wa Makangale wana mahali pao mle msituni wanapopaheshimu, na nyinyi ni wageni. Hamtaingia msituni usiku, na mchana mtaingia na mtembezaji wa pale. Mweleze mamako hivyo, atatulia kidogo. Upande wa pili, waandae watoto kwa sauti, kwa sababu usiku watazisikia. Komba analia kama mtoto aliyefinywa. Perere, yule pimbi wa mitini, akianza kukwaruza koo lake juu ya mti, mtu mzima anakaa kitako. Na kuna bundi mdogo ambaye hapatikani popote duniani ila Pemba, yeye hutoa mlio mmoja mfupi, kisha ananyamaza, kisha tena. Ukimweleza mtoto mapema kwamba ni ndege anaita wenzake, atahesabu milio mpaka alale. Usipomweleza, mtalala wanne kwenye godoro la mmoja. Jioni watazameni popo wakubwa wakitoka kwenda kula matunda, hao nao ni wa Pemba peke yake. Mkitaka kuwaona mchana wakining'inia kwa mamia, Kidike iko njiani mkitokea Chake.

Misali nimekutajia, na najua mkeo atakuuliza. Ni nzuri kuliko Vumawimbi kwa anayetaka kuona matumbawe, na kasa wanataga pale. Lakini ni ya mchana: boti mnakodi Wesha, mnalipa kiingilio cha hifadhi, mnarudi kabla bahari haijachafuka. Ifanyeni mwaka mwengine. Siku tatu zikijazwa safari, mkeo atarudi hoi vile vile, safari hii amechoshwa na ratiba.

Limebaki la mama kulala hemani. Mwanangu, mamako hataki kulala hemani. Anakupima kama utamwambia asije. Basi wewe mwalike. Siku ya pili, mchana, mtafutie usafiri wa kwenda na kurudi, aje na dada yako na mjomba yeyote anayependa maneno, kwa sababu huyo ndiye atakayekwenda kueleza Konde nzima aliyoyaona. Wakae kwenye jamvi lake, wale samaki uliowachoma mwenyewe, na mkeo akae nao ale, asinyanyuke. Dada yako atataka kusimama ashike sufuria. Mwambie leo ni mgeni. Alasiri warudi.

Akisema bado anataka kulala, hema ni la watu wanne nanyi mko wanne. Mpe nafasi yako, wewe ulale nje kwenye turubai.